Alizima pangaboi mwezi wa tatu

Joto la Mombasa mwezi wa tatu kila mtu alijua, shuka yakuganda mgongoni, watu wanaburuta magodoro wanalala barazani, na ndo mwezi huo, mwaka 2024, tena tuko ndani ya Ramadhani watu wana kiu, mtoto wa dadangu akazima pangaboi chumbani kwake akafunga na dirisha. Ana miaka 15. Mamake anawasha, yeye anazima. Mamake anawasha tena, yeye anazima. Mwisho usiku mmoja akachukua mkasi wa jikoni akaukata waya, alhamdulillahi stima ilikuwa imepotea saa zile, vyenginevyo ningekuwa naandika habari nyengine kabisa. Tulimgombeza sote, mimi mbele, manake lile pangaboi nililinunua mimi Idi ya mwaka uliotangulia.

Ilichukua miezi 8 ndo akaniambia kwa nini. Tulikuwa tumekaa pale Mama Ngina tunakula mihogo ya pilipili, meli ya makontena inaingia polepole, akasema hata hakunitazama, "Halati, lile pangaboi lilikuwa likitaja jina langu."

Miezi 8. Hiyo hesabu mpaka leo inanikaa kifuani na ndo naandika haya, manake najua kuna nyumba Likoni, Kisauni, Changamwe, popote pale, saa hizi kuna mtoto amefunga dirisha na watu wazima wako sebuleni wanalumbana ni simu au ni adabu.

Sasa nikirudi nyuma nikihesabu, dalili zilikuwa zimejipanga. Aliacha mpira, na huyu ni mtoto aliyekuwa akimaliza kula anakimbia uwanjani na chakula mdomoni. Alibandika plasta kwenye kamera ya simu. Alianza kukaa akiegemea ukuta tu, hawezi kukaa na mtu nyuma yake. Usiku macho, mchana usingizi. Akauliza mara mbili tatu kama majirani wanamsema, mamake akamwambia nani ana wakati wa kukusema wewe. Hesabu zake zikaanguka. Kila moja peke yake ina maelezo yake, si amebaleghe, si amechoka na saumu, si wote wako hivo siku hizi. Tatizo hakuna mtu mmoja aliyekuwa na orodha nzima mkononi: mwalimu ana kipande chake, mamake ana chake, mimi nina changu, na marafiki zake wa uwanjani ndo walikuwa na kipande kikubwa zaidi na hakuna aliyewauliza.

Mtaani wao walishaamua ni muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa. Na kweli ule ndo ulikuwa mwaka wa vita vya muguka, mwezi wa tano gavana wetu Abdulswamad Nassir akatoa amri ya kupiga marufuku, mahakama ikaja ikaisimamisha, kila baraza stori ni hiyo. Nilimpekua mifuko wallahi, nikanusa nguo zake, sikuona kitu. Sisemi hayo mambo hayahusiani, bangi hasa mtoto akianza mapema na akivuta sana inaongeza hatari ya akili kuvurugika, hiyo imechunguzwa na ni kweli. Lakini huyu wetu hakuwa akitumia, na kwa sababu jibu lilikuwa tayari midomoni mwa watu hakuna aliyeuliza swali.

Bibi yetu ndo alikuwa wa kwanza kusema neno la maana. Alimtazama siku moja amekaa pale ukutani akasema, "Mtoto huyu yuwaumwa, msimwite mkaidi." Bibi akili yake ilikwenda kwa jini na hasad, akasomewa, akanywa kombe, yale maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa, siku 7, na sitaki mtu aje kunicheka hapo, manake zile siku za kusomewa ndo siku pekee alizokuwa analala. Na yule maalim, Mungu amlipe kheri, baada ya siku ya saba alituita mimi na dadangu kando akatwambia mimi nitaendelea kumsomea lakini mpelekeni na hospitali, hivi viwili havigombani. Baadaye ndo nikaja kujua kwamba kaunti ya Makueni kikundi cha Profesa David Ndetei, daktari wa magonjwa ya akili, kilifanya kazi hiyo hiyo kwa mpango, kufundisha waganga na viongozi wa dini kutambua mtu anayeumwa akili na kumpeleka kliniki. Sisi tulibahatika tu na mtu mwenye busara.

Shuleni ilikuwa kinyume. Alikataa kukaa mbele darasani kwa sababu akikaa mbele ana watu 40 nyuma yake, akaandikiwa barua ya utovu wa nidhamu akarudishwa nyumbani wiki 2. Sitaji jina la shule. Nasema tu kwamba hiyo barua ninayo, na kila neno ndani yake ukilibadilisha jina linakuwa dalili ya ugonjwa.

Daktari tuliyempata mwishowe alikuwa mama mmoja mpole, alizungumza na mtoto kwanza peke yake halafu na sisi. Alitwambia kitu ambacho sikuwa nakijua kabisa, kwamba kuna hatua kabla ya ugonjwa wenyewe. Mtoto anasikia kitu lakini nusu ya moyo wake bado inajua haiwezekani, anashuku watu lakini ukimuuliza vizuri anakubali labda anajidanganya. Hapo bado hajawa mgonjwa wa saikosisi, yaani ile hali ya mtu kushindwa kutenga la kweli na lisilo la kweli, yuko kwenye hatari. Na wengi wanaokuwa pale hawafiki huko, akasema ukiwafuata miaka 3 ni kama robo tu ndo wanaingia kwenye ugonjwa kamili. Dadangu alishika lile neno robo kama mtu ameshikishwa kamba. Mimi nilifikiria hesabu nyengine, ile miezi 8.

Manake hii habari ya muda si ndogo. Kuna watu wameitolea maisha yao, kama Patrick McGorry, daktari wa akili kule Melbourne, Australia, ambaye tangu miaka ya 90 amekuwa akipiga kelele kwamba vijana wasisubiriwe mpaka waharibike ndo wafunguliwe mlango wa wodi ya watu wazima. Na Norway walifanya kitu ambacho mimi nikikifikiria natamani kulia. Sehemu za Stavanger walitangaza dalili kila mahali, magazeti, redio, sinema, wakaenda mashuleni kufundisha walimu, wakaweka kikosi ambacho hata mzazi mwenyewe anaweza kukipigia simu moja kwa moja. Muda ambao mtu anakaa na ugonjwa bila matibabu ukashuka ukafika kama wiki 5. Halafu matangazo yakasimama, na muda ukapanda tena mpaka kama wiki 15. Watu ni wale wale, hospitali ni zile zile, kilichoondoka ni watu kuambiwa tu. Sasa niambie hapa kwetu lini uliona bango pale kivukoni linasema mtoto wako akianza hivi na hivi piga nambari hii.

Daktari akasema mambo mawili. Moja, atakuwa anamuona kila mwezi. Pili, kuna kikundi, Jumamosi, vijana na watu wao wa nyumbani, chumba kiko juu ya duka la vitambaa Mwembe Tayari, mwenye duka ametoa bure. Dadangu akakataa palepale. "Nimpeleke mwanangu akakae na machizi?" Daktari hakukasirika, akamwambia nenda mara mbili ukakae na mikono yako, usiseme kitu, halafu uamue.

Tulienda familia 6. Nilifikiri tutakaa duara tulie. Kumbe robo saa ya kwanza ni marufuku kutaja ugonjwa. Kuna muuguzi mmoja wa afya ya akili na dada mmoja wa miaka 24 ambaye yeye mwenyewe dipresheni ilimuangusha akiwa shule, na hao wawili ndo wanaongoza, na muuguzi ni mkali hapo mwanzo, "habari za wiki kwanza, nani amekula nini, nani ameona mechi, ugonjwa utangoje." Basi watu wanakula mahamri niliyoleta mimi na mbaazi za mama mwengine, yule baba dereva wa matatu anaeleza vile alivyopigwa faini, watoto wanacheka. Nilikuja kuelewa baadaye, vijana hawa wamekuwa miezi kadhaa kila anayewasogelea anawauliza unajisikiaje, umemeza dawa, umelala. Mtu kukuuliza mechi ilikwendaje ni kama kufunguliwa dirisha.

Halafu kila nyumba inasema kitu kimoja kinachoisumbua wiki hiyo. Kimoja. Wanachagua cha nyumba moja tu, kinaandikwa juu ya karatasi kubwa ya manila, na sote tunatoa mawazo ya kukitatua, kila wazo linaandikwa hata la kipuuzi, hakuna kuguna, hakuna "hiyo haiwezekani". Tukimaliza tunapima kila moja uzuri wake na ubaya wake, kisha mwenye shida yake, si mzazi, yeye kijana, anachagua atakalojaribu, na baada ya wiki 2 anarudi kusema ilikuwaje.

Siku ilipofika zamu yetu shida ilikuwa kivuko. Sisi tuko Likoni, shule iko kisiwani, lazima avuke. Na unajua feri ya asubuhi ilivyo, bega kwa bega, watu elfu na zaidi, wote wanatazama mbele na wewe uko katikati. Kwake kila jicho lilikuwa lake. Alikuwa anafika pale kwenye mteremko anageuka anarudi nyumbani na sare yake.

Mawazo yakaanza. Dereva: avuke alfajiri, feri ya kwanza haina watu. Mama mmoja: aweke iafoni asikize Qur'ani. Bibi mmoja mzee kabisa: apewe hirizi, na ikaandikwa. Mamake: ahame shule. Mimi: nimpeleke mimi kila siku. Halafu kulikuwa na binti wa miaka 16, mwembamba, mtandio umeshuka mpaka kwenye nyusi, hakuwa amesema neno tangu tuanze. Akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nikiona watu wananitazama huchagua mmoja nikahesabu alivyobeba. Kikapu, moja. Mwavuli, mbili. Mtoto, tatu. Nikimaliza huyo naenda kwa mwengine. Nikifika wa sita tumeshafika ng'ambo." Chumba kikanyamaza. Na mwanangu, huyu wa dadangu, ambaye wiki tatu nzima alikuwa anatazama viatu vyake, akainua kichwa akamuuliza, "Na akikutazama ukimhesabu?" Binti akasema, "Huwa hawatazami. Kila mtu anatazama mzigo wake."

Daktari angeweza kumwambia hivo mara mia. Mimi nilishamwambia hakuna anayekutazama mara elfu. Lakini kutoka kwa mwenzake anayeona yale macho, aliyevuka na yale macho, lilikuwa neno jengine.

Akachagua ya binti, na kijana mwengine wa kikundi anayekaa upande wa Shelly akasema mimi navuka pia, tutakutana pale kwa wauza njugu. Baada ya wiki 2 akaripoti. Siku 10 za shule, alivuka 9. Mara mbili aligeuka lakini akangoja feri ya pili akajaribu tena, moja akaweza moja hakuweza. Muuguzi akaandika yote kwenye manila, na ile aliyoshindwa pia, bila kuipiga alama ya makosa.

Mtindo huu wa familia nyingi chumba kimoja haukuanzia hapa, nimekuja kuusoma. William McFarlane, daktari wa Marekani, amefanya kazi nao miaka mingi, na kule Portland jimbo la Maine akaanzisha mpango wa kutafuta vijana walio kwenye hatari kabla hawajaugua, kufundisha walimu na madaktari wa mji kuwatambua, halafu kuwaweka vijana na familia zao kwenye vikundi kama hivi, kila wiki 2, saa moja na nusu. Familia 5 au 6, viongozi wawili. Nilipoona hizo nambari nilishtuka manake ndo sisi kabisa, mpaka ile robo saa ya porojo. Na kusema kweli nikafikiri, hili si jambo geni kwa watu wa Pwani, baraza ni nini kama si hivi? Watu wanakaa, kahawa inapita, mwenye shida anaitoa, wazee wanachangia. Tofauti barazani mtoto wa miaka 15 hana kiti, na mwanamke hana kiti, na shida ya akili haitajwi.

Sasa nataka nifike kwa dadangu, manake hapa ndo penye uzito wenyewe kwangu.

Vikao vinne vya kwanza hakusema kitu. Anakuja, anakaa karibu na mlango, mkoba mapajani kama mtu anayengoja basi. Kikao cha tano, habari za wiki, muuguzi akamgeukia akamuuliza swali jepesi tu, "Na wewe mama, unalala?" Dadangu akafungua mdomo kusema ndio na hakukutoka kitu. Akalia kilio ambacho sikuwahi kukisikia hata siku ya mazishi. Mumewe alifariki 2021, mimi nilikuwa pale, nilimuona akipika, akifua, akipeleka watoto shule, nikasema masha'Allah dadangu ni jasiri. Miaka mitatu alikuwa analala masaa mawili tu kwa usiku. Alikuwa anakaa chooni na maji yakitiririka ili watoto wasimsikie. Mwanawe alikuwa anamsikia, lakini. Alisema palepale, mbele ya watu, "Mimi nilikuwa nasikia, mama."

Kuna utafiti mmoja nilioupata baadaye na niliusoma mara tatu. Ulitoka 2009, Judy Garber na wenzake, Marekani, miji minne. Walichukua vijana 316 wa miaka 13 mpaka 17 ambao wazazi wao wana historia ya dipresheni, na wao wenyewe walishaonyesha dalili au walishawahi kuanguka huko nyuma. Nusu wakawekwa kwenye vikundi, vikao 8 vya kila wiki saa moja na nusu, halafu 6 vya kila mwezi, wakifundishwa kukamata mawazo mabaya na kuyapima, na kutatua shida. Walipofuatwa, waliopatwa na dipresheni kwenye vikundi walikuwa asilimia 21.4, na kwa wale wengine asilimia 32.7. Kwa maneno yetu, katika kila watoto 9 waliopita kwenye kikundi, mmoja hivi aliokolewa na kitu ambacho kingempata. Hiyo ni kubwa. Lakini kulikuwa na jambo jengine mle ndani. Kama mzazi alikuwa yuko ndani ya dipresheni wakati ule ule kikundi kinaanza, basi faida kwa mtoto haikuonekana. Kikundi kile kile, mafunzo yale yale.

Nilikaa na hilo siku nyingi. Manake sisi huwa tunampeleka mtoto kama vile unavyopeleka redio kwa fundi, irekebishe halafu niletee nyumbani. Na nyumbani ndo kule kule mama anazama. Ningekuwa na uwezo wa kusema kitu kimoja tu kwa kila anayeanzisha kikundi cha vijana hapa Mombasa, na wako wengi sasa, misikitini, makanisani, vijana wenyewe kwa wenyewe, ningesema muulizeni anayemlea. Muulizeni analala? Anakula? Nani anamshika yeye? Sisi baada ya siku ile tulibadilisha, nusu saa kabla ya kikao kikubwa kina mama na kina baba na mabibi wanakaa peke yao na yule muuguzi. Na dadangu daktari alimuona pia, kwa faili yake mwenyewe, jina lake mwenyewe juu.

Sitaki mtu afikirie kila kikundi ni dawa. Uingereza walijaribu kufundisha utulivu wa akili kwa darasa zima katika shule zaidi ya 80, watoto zaidi ya elfu 8, matokeo yakatoka 2022, haikuwashinda wale waliosoma kawaida. Darasa zima kwa pamoja, anayeumwa na asiyeumwa, somo limetoka juu. Na mtu mmoja anaitwa Thomas Dishion na wenzake waliandika 1999 wakaonya kwamba ukikusanya vijana watundu watupu mahali pamoja, wanaweza kufundishana utundu wakatoka wabaya kuliko walivyoingia. Kwa hivo nani anakaa na nani, na nani anaongoza, si mambo ya kubahatisha. Kikundi chetu watoto 6 na watu wazima 8 au 9 chumbani, hapo utundu haupati pa kukaa.

Lakini hapa hapa Kenya kuna kitu kimefanyika ambacho kinanipa moyo sana. Tom Osborn na wenzake wa shirika la Shamiri, na jina lenyewe ni la kwetu, kushamiri, waliweka wanafunzi wa sekondari kwenye vikundi vidogo, vikao 4 tu, saa moja kila wiki. Hawakuwaita wagonjwa. Walizungumza juu ya kukua, kwamba mtu hubadilika, juu ya shukrani, juu ya mambo unayoyathamini maishani. Na viongozi walikuwa vijana waliomaliza sekondari juzi juzi, si madaktari. Wanafunzi 413, wote walishakuwa na dalili nzito za dipresheni au wasiwasi, na waliopita kwenye vikundi vile dalili zilishuka zaidi kuliko wenzao waliopewa mafunzo ya kusoma. Ilichapishwa 2021. Hii ndo sababu kila nikisikia mtu anasema hatuna madaktari wa akili wa kutosha, ni kweli hatuna, lakini binti wa miaka 24 tunaye, na tunao wengi, wamekaa nyumbani na vyeti vyao.

Na haja ipo. Utafiti wa kitaifa wa vijana wa miaka 10 hadi 17 uliotolewa 2022 ulikuta kama mmoja kati ya 8 ana hali inayotimiza vigezo vya ugonjwa wa akili. Hesabu darasa la mwanao. Watoto 40, watano.

Kina dada wengine wameniuliza nifanye nini leo. Usingoje kikundi. Port Reitz kuna kitengo cha afya ya akili, Coast General pia nenda. Mtoto akiwa na shida 116 ni laini ya watoto na ni bure, na 1199 ya Msalaba Mwekundu ni bure, unazungumza na mtu. Na kama mtoto wako amejaribu kujidhuru usimfiche ndani kwa kuogopa polisi, najua ndo woga wa nyumba nyingi, ile sheria ya kumfanya mhalifu Mahakama Kuu ilisema Januari 2025 kwamba inakwenda kinyume na katiba. Mpeleke hospitali. Usiku huo huo.

Kitu ambacho bado hakijatukaa sawa ni wavulana. Vikundi vimekuwa viwili sasa, na kwenye kile kipya wasichana ni 5, mvulana mmoja, na huyo mmoja haji kila wiki. Nilikuwa nadhani ni sisi tunakosea mahali mpaka nikasoma habari za kambi za wakimbizi wa ndani kaskazini mwa Uganda, utafiti wa 2007, vijana 314 wa Kiacholi, baadhi yao wakawekwa vikundi vya kuzungumza juu ya huzuni na vita na watu waliowapoteza, wiki 16. Wasichana walipata nafuu kubwa. Wavulana haikuonekana. Mwanangu nilipomuuliza, alifikiri kidogo akasema, "Halati, ngazi zile. Ukipanda zile ngazi juu ya duka kila mtu Mwembe Tayari anajua unaenda wapi. Msichana ataambiwa anaenda kununua kitambaa."

Sikuwahi kuzifikiria zile ngazi.

Basi tumeongea na muuguzi. Kile kikundi kipya Jumamosi hii kinahamia uwanjani, ule ule aliokuwa akicheza yeye, saa 10 jioni kabla mechi haijaanza, chini ya ule mkwaju upande wa goli la nyuma, wazazi watakuja wakae na mikeka kama mashabiki. Yeye amesema atakuja lakini hatacheza, atakaa tu. Dadangu anapika viazi karai. Mimi nimepewa maji, katoni mbili, na kutafuta mpira, manake ule wao umepasuka.